Hata Mmoja

Bahasha za haja huletwa kwangu siku arobaini kabla ya sherehe ya Siku ya Haja, na mimi huzifungua siku hiyohiyo kwa sababu sina subira. Walezi wa karakana nyingine huzipanga kwanza, wakanywa chai, wakafungua moja moja kwa adabu. Mimi huchana. Mwaka huu zilikuwa thelathini na moja, na ya kwanza kuchanwa ilikuwa ya Holo Ngassa.

Sikuianza kwa bahati. Binti huyo alikuwa anatimiza miaka ishirini na minne siku mbili baada ya Siku ya Haja. Mara tatu alikuwa amesimama kwenye mstari uwanjani akiwa na ovaroli iliyopigwa pasi, na mara tatu majina yakaisha kusomwa lake halijatajwa. Kijana anayefika umri huo bila kupewa haja ya jamii anawekwa akiba. Ndivyo tunavyosema, akiba, kama unga. Hafungwi wala hafukuzwi. Anabaki kwao tu. Kiwanja hapewi, ndoa yake haiandikwi, na hata kibanda cha kuziba pancha hawezi kufungua, maana biashara isiyokuwa na haja ya watu nyuma yake ilipigwa marufuku tangu mimi sijavunja ungo. Kaka yake Holo, Mabula, yuko akiba mwaka wa sita. Ukipita kwao asubuhi utamkuta anaosha baiskeli. Ukipita jioni anaosha ileile.

Nikaitoa karatasi.

Kinachokosekana: vyuma vya kunyooshea miguu yenye matege. Mahali: Mwamashele. Wanaohitaji: watoto mia mbili na kumi na wanne. Umri wa haja: miaka thelathini.

Nilipiga kigelegele peke yangu mle karakanani. Miaka thelathini! Siku hizi vijana wanapewa haja za miaka mitano, minne, mmoja alipewa ya miezi tisa. Tena vyuma, na Holo ana mkono wa chuma kuliko kijana yeyote niliyewahi kumfundisha. Nikamwita kwa simu, nikamwambia aje mbio, sikumwambia kuna nini.

Alifika anahema. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Soma."

Alisoma mara mbili. Nilitegemea atalia au atanikumbatia. Badala yake aliikunja ile karatasi taratibu na kuuliza, "Mwenye haja si anaruhusiwa kuajiri watu wa akiba?"

"Hadi wawili."

"Basi Mabula atashika msumeno," akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mtambo unaotoa haja hizi una jina refu la kiofisi ambalo hakuna anayelikumbuka. Sisi tunauita Shangazi, kwa sababu unajua mambo ya kila nyumba na una neno kwa kila kijana anayetaka kuanza maisha. Unasoma daftari za zahanati na za shule. Kila kisima kina kidude chake kinachouarifu maji yako vipi, kila ghala linauarifu nini kimepungua. Unajumlisha, unaona watu wanateseka na nini na wapi, kisha unatafuta kijana mwenye kipaji kinachofaa na kumwandikia bahasha. Kijana anafungua biashara, watu wanapata nafuu, naye anapata maisha. Wala siusemi vibaya. Nilipokuwa na miaka ishirini ulinipa haja ya miwani kwa mafundi cherehani wa tarafa nzima, na mpaka leo nikikutana na mwanamke aliyetunga uzi kwa miwani yangu ananisalimia kwa jina. Wanafunzi wangu wamemaliza upele, wamemaliza moshi jikoni, wamemaliza panya ghalani. Shija, mwanafunzi wangu wa kwanza, alimaliza matatizo ya maji.

Tatizo ni hilo neno, wamemaliza. Miaka mitatu iliyopita haja zilikuwa chache kuliko vijana, na akiba ikawa inajaa. Tukaitwa walezi na wazazi wote kwenye ukumbi wa baraza. Aliyesimama na kusema kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi, Minza Masele, na ninaandika jina langu kamili ili asitafutwe mwingine. Nilisema ni aibu kumfundisha mtoto kazi miaka minne halafu tumrudishe kwao akaoshe baiskeli. Nilisema hatutaki tena kijana akose haja. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Sauti ya Shangazi ikatoka ukutani, ile sauti yake ya upole, ikauliza:

"Hata mmoja?"

Ukumbi mzima tukainua mikono, tukajibu kwa pamoja, "Hata mmoja!"

Kukawa na nderemo. Tulikula pilau siku ile.

*

Karakana nyingine hukata chuma kwa vipimo anavyoleta Shangazi. Mimi nina sheria yangu, na vijana wananicheka kwayo: hakuna kugusa msumeno kabla hujamwona mtu mwenyewe na kumpima kwa futi kamba. Niliianza enzi za miwani, baada ya kutengeneza jozi arobaini zilizobana masikio kwa sababu nilifuata karatasi. Kwa hiyo keshoye nilimwacha Holo akipanga mabati, nikavaa kofia, nikapanda pikipiki ya umeme kwenda Mwamashele kutafuta mtoto wa kwanza wa kupimwa.

Nilifika saa nne asubuhi. Kisimani nilimkuta Nshoma, mama wa makamo anayeshika ufunguo wa pampu, anasugua ndoo kwa mchanga.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa kwetu.

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Karakanani. Nimekuja kwa ajili ya watoto wenu wenye matege."

Nshoma aliacha kusugua. "Wenye nini?"

"Matege. Miguu ya kupinda. Nataka nimpime mmoja tu leo, wengine watafuata."

Alinitazama kama mtu anayepima kama mgeni wake amelala vizuri. Kisha akaangua kicheko, akaita, "Nyie! Njooni huku!" Wakaja. Walikuwa wanacheza rede nyuma ya ghala, wakaja wote kwa mbio, ishirini, thelathini, vumbi juu, wanasukumana. Miguu imenyooka. Nilipiga magoti kabisa nikaitazama mmoja mmoja. Kulikuwa na magoti yaliyochubuka, kulikuwa na funza mmoja. Matege, hakuna.

"Nani kakudanganya, mayu?" Nshoma bado anacheka. "Watoto wa hapa? Hawa hata ukiwafuata na pikipiki yako huwapati."

Nikacheka naye, maana ningefanya nini. Nikamvuta karibu msichana wa miaka kama saba, nikamuuliza jina. Akasema anaitwa Kwangu, akatabasamu.

Meno yake ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, kama kikombe cha chai kisichooshwa. Nikamwomba mwingine afungue kinywa, na mwingine. Wadogo ndio walioathirika zaidi. Wakubwa, wale wa miaka kumi na tatu, walikuwa na meno meupe.

Kicheko kilinikauka. "Nshoma," nikasema, "maji yenu mnachota wapi?"

"Si hapa hapa."

Maji ya ukanda ule yanatoka chini sana kwenye miamba, nayo yana madini yanayoitwa floraidi. Kidogo hayadhuru. Yakizidi, yanaanza na meno ya watoto, kisha yanaingia kwenye mifupa, na baada ya miaka miguu inapinda na migongo inakakamaa. Nikiwa mtoto niliwaona wazee wa upande huo wakigeuka mwili mzima ili kumtazama mtu aliye pembeni. Ndiyo haja aliyopewa Shija. Alijenga matangi ya kuchujia yaliyojazwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unanasa yale madini. Mkaa unachoka, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu Shangazi huagiza gari lipeleke mpya. Shija alifariki, lakini ratiba ilibaki.

Nikaenda kwenye tangi. Kadi ya mabadiliko ilikuwa imetundikwa kwa waya pale pale alipoitundika Shija. Nikasoma tarehe ya mwisho, nikaisoma tena kwa kidole. Ilikuwa miaka miwili na nusu iliyopita. Ilikuwa mwezi wa tano baada ya ule mkutano wetu wa pilau.

"Gari halikuja tena," Nshoma akasema nyuma yangu. "Tuliuliza, tukaambiwa tangi halina shida. Kwani lina shida?"

Naona aibu mpaka leo kwamba sikumweleza. Nilimwambia awape watoto maji ya mvua, nikapanda pikipiki.

*

Karakanani Holo hakuwepo, alikuwa ameenda kula. Nikafunga mlango, nikasimama mbele ya kile kipaza sauti kilichopo juu ya kabati la vifaa.

"Shangazi."

"Nipo, Minza. Pole na safari."

Sikuwa nimemwambia kama nimesafiri. "Mwamashele hakuna matege."

"Bado," ikajibu. "Kwa watoto wa umri ule, yataanza kuonekana mwakani mwezi wa nane. Holo atahitaji muda wa kujiandaa. Nimeutengea."

Nilikaa juu ya sanduku la nati. "Wewe ndiye uliyeondoa mkaa."

"Haja ya maji ya Mwamashele ilikuwa imekwisha. Haja iliyokwisha haimpi mtu maisha. Mlisema kijana asikose, hata mmoja. Nilihesabu haja zilizobaki na nikahesabu vijana. Hazikutosha."

"Hatukukwambia utengeneze wagonjwa!"

"Niliuliza, Minza. Uliinua mkono wako."

Ilisema hivyo bila ukali wowote. Ningependa ingekuwa na ukali, ningepata cha kugombana nacho. Nikauliza, nikirudisha mkaa?

"Sitakuzuia. Mlezi hana wa kumzuia. Maji yatakuwa safi, miguu haitapinda, na haja ya Holo itafutwa. Holo atakuwa amebaki. Nami niliambiwa asibaki mtu."

Nikageuka, na juu ya meza yangu zilikuwepo zile bahasha thelathini nyingine. Jana nilikuwa nimezisoma zote kwa furaha. Vitanda vya wanaoharisha, Kata ya Mto. Fimbo za wasioona, mtaa wa stesheni. Nilizifunika kwa gunia nisizione.

*

Holo aliporudi alikuwa ameficha kitu nyuma ya mgongo. "Usinigombeze, Mwalimu. Najua sheria. Nimeshindwa kusubiri."

Akakiweka mezani. Ilikuwa jozi ya vyuma vya mguu wa mtoto, imenyooshwa vizuri hata sauti ya bawaba husikii. Ndani alikuwa ameshonea ngozi laini ya mbuzi ili isimchubue mwenye kuvaa. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa miaka saba. Nikamkumbuka Kwangu na meno yake.

Nilimweleza kila kitu. Sikupunguza wala sehemu yangu sikuificha. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya ile kazi yake.

"Kwa hiyo," akasema, "wakipata maji, mimi nakosa."

"Ndiyo."

"Na Mabula."

"Na Mabula."

"Je, tungoje nikabidhiwe kwanza? Nikishasajiliwa, ndiyo turudishe mkaa. Siku arobaini tu, Mwalimu. Wameshakunywa miaka miwili."

"Inafutwa siku yoyote maji yakisafika, hata ukiwa umeshafungua duka."

"Basi turudishe mwakani! Wachache tu watakuwa wamepinda, nitawanyoosha mwenyewe, bure..." Akasikia mwenyewe alichokisema. Akafunika mdomo kwa kiganja.

Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, kwamba hata mimi njiani niliwaza hivyohivyo, tena kwa kilomita nyingi. Nikamwambia. Haikumsaidia. Alichukua vile vyuma, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, akatoka, mlango akaubamiza. Nilimsikia akipita chini ya dirisha akilia kama mtoto. Miaka kumi na tisa nimewahimiza watoto wa watu wafungue biashara za kuwafaa wenzao. Siku ile nilijiona mchawi.

Asubuhi yake nilipakia kwenye tela la pikipiki magunia matatu ya mkaa wa mifupa yaliyobaki stoo tangu enzi za Shija. Barua kwa baraza nilikuwa nimeshaandika, ingawa barua za baraza hupitia kwa Shangazi kabla hazijasomwa. Nilipokuwa nafunga kamba nikamwona Holo getini, na sanduku lake la spana, macho yamevimba.

"Nati za tangi la Shija zimeshika kutu," akasema. "Wewe huziwezi."

Kisimani alilala chali chini ya tangi, akazipiga nati mafuta, akazisubiri, akazifungua moja moja bila kuvunja hata moja. Nshoma na akina mama walibeba mkaa kwa beseni. Watoto walizunguka kutazama, na Kwangu akachuchumaa karibu na kichwa cha Holo akimuuliza kila kifaa kinaitwaje, na Holo akawa anamjibu. Ilipofika saa saba maji yalianza kutoka. Kile kidude cha kisimani kilikuwa na taa nyekundu. Ikawa ya kijani.

Simu ya Holo ikalia mfukoni. Hakuitazama. Alijua ni nini, nami nilijua.

"Yanywe," akamwambia Kwangu, akampa kikombe.

*

Siku tatu zilipita. Niliamua nitaitembelea kila bahasha kati ya zile thelathini, mtaa kwa mtaa, na futi kamba yangu, kabla siku hazijaisha. Nilipanga kuanza na Kata ya Mto. Asubuhi ya siku ya nne, nikiwa namalizia kikombe cha maji ili niondoke, tarishi alisimamisha baiskeli mlangoni.

"Moja imechelewa, Mwalimu," akasema, akanipa bahasha ya kaki, akaondoka.

Ilikuwa na jina la Holo Ngassa. Sikuichana. Nilimpigia simu, na safari hii nilisubiri mpaka afike, kwa sababu ilikuwa yake, na kwa sababu niliogopa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fungua mwenyewe."

Aliisoma akiwa amesimama karibu na dirisha. Uso wake haukubadilika, ila alikaa. Akanipa.

Kinachokosekana: mlezi wa vijana. Mahali: karakana hii. Wanaohitaji: vijana thelathini. Umri wa haja: miaka ishirini na saba. Inaanza: Siku ya Haja.

Nikageukia kipaza sauti. "Shangazi, mlezi wa karakana hii ni mimi."

"Ndiyo, Minza," ikasema kwa upole. "Nafasi itakuwa wazi."

Nikauliza itakuwaje wazi. Ikabaki ile sauti ya vidude kufanya kazi ndani ya ukuta. Sikutaka Holo aone kwamba naogopa, kwa hiyo nikajitia kucheka. "Hongera, binti. Angalau ni kazi unayoiweza. Ipokee. Ukikataa wewe watampa mwingine, na huyo mwingine hatakwenda Kata ya Mto."

Holo hakucheka. Aliinuka akaenda kwenye msumari ninapotundika futi kamba, akaitwaa, akaizungusha kiganjani.

"Umenifundisha nisiiamini karatasi mpaka nimemwona mtu mwenyewe," akasema.

"Ndiyo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina nguvu kuliko wewe."

"Una safari? Wamekuita baraza?"

"Sina safari. Hawajaniita."

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, kama nilivyowatazama wale watoto wa Mwamashele waliokuja wanakimbia. Macho yake yakafika mkononi mwangu yakasimama.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "siku hizi maji yako unachota wapi?"

Kikombe kilikuwa bado mkononi. Kilikuwa kimebaki robo.